Karanga za mayai na bakteria waliofia njiani

Nimekuwa kimya wiki mbili. Sikuumwa wala sikuachishwa kazi gazetini, kama alivyouliza jamaa mmoja kwa furaha iliyonitia wasiwasi. Nilikuwa kusini, Nachingwea na Ruangwa, kwa likizo niliyoidai muda mrefu. Nimerudi na vumbi jekundu kwenye begi na swali moja ambalo bado linanisumbua: hivi kiumbe hai asiyeonekana kwa macho unamsafirishaje kutoka Dar mpaka kule afike mzima?

Kisa chenyewe kilianza hivi. Dada yangu anaishi Nachingwea. Mwanawe wa miaka miwili alikuwa amemaliza dozi ya antibiotiki kwa ajili ya kifua, tumbo likachafuka. Mimi nikiwa Dar nikajifanya msomi wa familia. Nikaingia duka la dawa, nikanunua pakiti za unga wa bakteria rafiki, wale wanaoitwa probiotiki, kwa bei ambayo nisingependa mama aisome hapa. Nikazitupia kwenye begi na alfajiri nikapanda basi Mbagala. Begi likaenda kwenye buti. Tukavuka Daraja la Mkapa, tukala chipsi mayai Nangurukuru, jua likawaka, tukakata kona Mingoyo kuelekea Masasi. Jioni nilipofika Nachingwea ndipo nikasoma maandishi madogo nyuma ya pakiti. Yalisema: hifadhi kwenye jokofu.

Dada hakuwa na jokofu. Mtoto naye hakuwa na shida tena. Muuguzi wa zahanati alishampa ORS na vidonge vya zinki, na siku nilipofika alikuwa anakimbiza kuku. Kesho yake nikaenda Ruangwa kumsalimia bibi. Nikamweleza habari ya zile pakiti, kwamba ndani yake kuna vijidudu kama vile vinavyochachusha togwa, na kwamba jua la njiani huenda limewaua. Bibi akanitazama kwa muda.

"Kwa hiyo mjukuu wangu umenunua uchachu Dar, ukaupika njiani, ukamletea mtoto maiti?"

Nilicheka, lakini neno maiti lilinichoma. Maana ndilo suala lenyewe.

Niliporudi nikaanza kusoma. Historia ya bakteria rafiki kwa kawaida huanzia kwa Élie Metchnikoff, mwanasayansi aliyezaliwa katika Milki ya Urusi na kufanya kazi Taasisi ya Pasteur, Paris. Mwaka 1907 alichapisha kitabu kuhusu kurefusha maisha, akadai kwamba maziwa mgando ya wakulima wa Bulgaria yanapunguza uozo wa utumbo na kuchelewesha uzee. Mwaka 1908 akapata Tuzo ya Nobel, ingawa si kwa mtindi bali kwa kazi yake ya kinga ya mwili. Huko Japani, Minoru Shirota alikuza bakteria wake mwaka 1930, na kufikia 1935 walikuwa wanauzwa ndani ya chupa ndogo za Yakult. Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO walikutana Córdoba, Argentina, wakakubaliana maana ya probiotiki: vijidudu hai ambavyo vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha humletea afya anayevitumia.

Angalia maneno mawili hapo, hai na kiasi cha kutosha. Pakiti ikijazwa mabilioni ya bakteria kiwandani halafu wakafika wafu Ruangwa, kwa maana hiyo haistahili tena jina. Na safari ya bakteria haiishii dukani. Akishavumilia joto, unyevu na oksijeni, akimezwa anakutana na asidi ya tumbo, kisha nyongo. Anatakiwa utumboni, lakini njia ya kufika huko imejaa wauaji. Kwa hiyo kazi ngumu ni kumfikisha.

Sasa hapa naomba univumilie nikurudishe Nachingwea, kwa sababu mji ule ulishafundishwa somo hili miaka mingi kabla ya mimi na pakiti zangu.

Wengi tunaujua Mradi wa Karanga kwa juujuu, kama mfano wa mwalimu wa historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa Company alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Ujumbe wa John Wakefield ukazunguka nchi na kurudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kwetu maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka 1948 likaundwa shirika la Overseas Food Corporation kuuendesha. Yakaja matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Ikajengwa bandari Mtwara. Mwaka 1949 reli kutoka pwani ikafika Nachingwea. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikautupa mradi, pauni takriban milioni 36 zikiwa zimeyeyuka. Reli ikafungwa mwaka 1962 na baadaye ikang'olewa. Mashamba yakabaki, na miaka iliyofuata wapigania uhuru wa FRELIMO wakapiga kambi Nachingwea.

Lakini kuna tawi la hadithi hii lisilosimuliwa sana, nalo ni la soya. Soya iliingia nchini kupitia kituo cha utafiti cha Wajerumani, Amani, kule Usambara, mwaka 1907, mwaka uleule wa kitabu cha Metchnikoff. Wakati wa Mradi wa Karanga ikajaribiwa Nachingwea kama zao la biashara. Mbegu nyingi zilikuwa za Marekani. Zikaota, zikatoa majani, lakini mizizi yake haikuweka vinundu vya kutosha.

Kwa nini vinundu ni muhimu? Ndani yake wanaishi bakteria wanaokamata nitrojeni ya hewani na kumpa mmea, naye mmea huwalipa sukari. Soya asili yake ni Asia ya Mashariki, na bakteria aliyezoeana naye ni wa huko. Kwenye udongo wa Nachingwea hakuwepo. Waingereza walileta mashine, reli na mbegu, lakini mwenzi wa ile mbegu hakuwa kwenye mzigo.

Njia za kutatua zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kumsafirisha bakteria mwenyewe. Wajerumani wawili, Nobbe na Hiltner, walikuwa wamelijaribu hilo tangu 1896 kwa bidhaa iliyoitwa Nitragin: bakteria hai waliokuzwa juu ya jelatini ndani ya chupa za kioo, mkulima awapake kwenye mbegu. Jelatini ni protini, ile inayopatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa. Wazo lilikuwa zuri, lakini mwanzoni matokeo shambani yaliwavunja moyo wengi, na baadaye watengenezaji wakahamia kwenye udongo wa mboji ya kinamasi, ambao unawahifadhi bakteria vizuri zaidi. Njia ya pili ni kubadili mbegu ili ikubaliane na bakteria wenyeji. Ndiyo iliyofuatwa Nachingwea. Kuanzia miaka ya 1950 wataalamu wa mbegu pale walichagua na kuzalisha aina za soya zilizoweza kuweka vinundu kwa kutumia bakteria waliowakuta ardhini. Njia ya kwanza nayo haikufa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilikuja kutengeneza bakteria wa kupaka mbegu kwa jina la Nitrosua, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikatoa Biofix.

Ninachokichukua hapo ni hiki: bakteria mwema hafanyi kazi kwa sababu tu ni mwema. Ni lazima afike akiwa hai, na mahali anapofika pamfae.

Haya, turudi tumboni. Ukiwa kituo cha basi chochote Bongo utauziwa karanga za mayai. Unajua zinavyotengenezwa: karanga zinachovywa kwenye yai, zinaviringishwa kwenye unga, zinarudishwa kwenye yai, kisha mafuta ya moto. Yai ni protini. Likipata joto linaganda na kuwa ganda linaloikumbatia karanga. Sasa punguza karanga mpaka iwe bakteria mwenye urefu wa mikroni chache, na ganda liwe dogo kuliko chembe ya mchanga. Hapo umefika kwenye sayansi inayonishughulisha: kufunika bakteria rafiki ndani ya kapsuli ndogo sana zilizotengenezwa kwa protini za chakula. Tatizo ni moja tu. Karanga unaweza kuikaanga, bakteria huwezi. Ni lazima utafute namna ya kugandisha ganda bila kumuua aliyemo.

Historia ya kapsuli hizi inapitia mahali nisipopategemea: duka la stakabadhi. Mwaka 1929 Mholanzi Bungenberg de Jong na mwenzake Kruyt walieleza namna jelatini na gundi za miti zinavyojitenga kutoka majini na kuwa matone mazito. Mmarekani Barrett Green wa kampuni ya mashine za kuhesabia fedha, NCR, kule Dayton, Ohio, akaitumia tabia hiyo kufunga wino ndani ya vijimfuko vya jelatini na gundi ya migunga, ile ambayo Sudan ni mzalishaji wake mkuu. Mwaka 1954 ikaingia sokoni karatasi inayojinakili bila kaboni. Ukibonyeza kalamu, vijimfuko vinapasuka, maandishi yanatokea karatasi ya chini. Kumbe vile vitabu vya risiti vinavyojiandika nakala ya pili vilianza na protini iliyofunika tone. Dawa, manukato na vyakula vikafuata njia hiyo.

Kwa bakteria, watafiti walianza zaidi na alginati, utomvu wa mwani wa kahawia. Protini zilipata nafasi yake kubwa kuanzia miaka ya 2000. Mwaka 2004, Picot na Lacroix wa Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, waliripoti kuwafunga bifidobakteria ndani ya kapsuli za protini ya majimaji ya maziwa, yale yanayobaki jibini likishakamuliwa. Mwaka 2009, Heidebach na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha München walifanya jambo ambalo mama yeyote anayegandisha maziwa angelielewa. Walichanganya bakteria na maziwa mazito na kimeng'enya cha kugandishia jibini, vyote vikiwa baridi ili visigande mapema. Wakayakoroga ndani ya mafuta ya kula mpaka yakawa matone madogo. Kisha wakapandisha joto taratibu hadi nyuzi 40 hivi, joto ambalo bakteria hawa wanalivumilia. Kila tone likaganda likiwa limewameza bakteria. Kapsuli zenyewe zilikuwa na ukubwa unaokaribia unene wa unywele. Walipowatia kwenye asidi kama ya tumboni, waliofunikwa walibaki hai wengi zaidi kuliko waliokuwa uchi.

Protini inafanyaje kazi hiyo? Kwanza, ni kama sifongo la asidi. Inazikamata chembe za asidi zinapoingia, kwa hiyo ndani ya kapsuli ukali unakuwa mdogo kuliko nje. Pili, ni ukuta unaopunguza mwendo wa chumvi za nyongo kumfikia bakteria. Tatu, na hili ndilo linalonifurahisha, mwili wenyewe unao ufunguo. Vimeng'enya vinavyosaga protini vinaanza kulimega ganda tumboni, na vile vya utumbo mdogo vinamalizia. Ukilitengeneza kwa unene unaofaa, bakteria anafunguliwa karibu na mahali anapohitajika. Mkate wa njiani unageuka kuwa mlango.

Ila usije ukadhani kila kitu ni shwari. Katika kazi ile ya Kanada walijaribu bakteria wa aina mbili. Mmoja, wa jamii ya breve, alinufaika sana: baada ya siku 28 ndani ya mtindi, waliofunikwa walikuwa hai mamia ya mara zaidi ya wasiofunikwa. Mwingine, wa jamii ya longum, hakupata nafuu yoyote. Ganda lile lile, chombo kile kile, majibu tofauti. Niliposoma hapo nikakumbuka mbegu za Marekani kwenye udongo wa Nachingwea.

Jambo lingine: mtindi ule ulikaa kwenye jokofu, nyuzi 4. Kipimo cha asidi ya tumbo kilifanyika kwenye chombo cha maabara. Rafu ya duka la Ruangwa mwezi wa Novemba, bati likiwa juu na hewa ikiwa imesimama, ni mtihani mwingine kabisa. Bakteria aliyekaushwa vizuri anaweza kustahimili joto kiasi, lakini unyevu ukipenya anaanza kuamka na kufa. Na hata akifika hai, si kila aina inatibu kila kitu. Mwaka 2018 majaribio mawili makubwa ya Marekani na Kanada kwa watoto wenye kuhara kwa ghafla yalionyesha kwamba probiotiki walizopewa hazikuwasaidia kuliko unga usio na kitu. Kwa hiyo mama ukinisoma, ORS na zinki kwanza, na zahanati. Haya mengine ni mazungumzo.

Je, huku kwetu tumekaa tu? Hapana. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya Kingamkono na wenzake kuhusu watoto wa Tanzania wa chini ya miaka 5 waliopewa uji uliochachushwa mara moja kwa siku kwa siku 13. Vijidudu vya maradhi kwenye vinyesi vyao vilipungua. Mwaka 2003 Mugula wa SUA na wenzake waliorodhesha wakazi wa togwa: laktobasili wa aina kadhaa, akiwamo plantarum, pamoja na hamira za asili. Kule Mwanza, kuanzia 2004, akina mama wa kikundi cha Tukwamuane walitengeneza mtindi wa Fiti wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada na taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR. Bakteria wao alitoka Kanada, lakini walijifunza kumkuza wenyewe ndani ya maziwa. Uganda nako, mradi wa Yoba ulitumia bakteria ambaye hataza yake ilikuwa imekwisha muda, wakamkausha na kumweka kwenye pakiti ya gramu 1 inayoweza kugandisha lita 100 za maziwa. Utaona ujanja wa njia hizi mbili. Badala ya kumsafirisha bakteria mpaka mdomoni kwa mlaji, wanamsafirisha mpaka kwenye chungu, halafu anazaliana jirani na mlaji. Maziwa yenyewe, kwa protini zake, yanampa kinga kiasi anaposhuka tumboni.

Sasa hoja yangu ni ipi? Ruangwa ilikatwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, lakini shamba ni lile lile: karanga, mbaazi, kunde, choroko. Maziwa zamani yalikuwa adimu kusini. Baada ya wafugaji kuondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengi wakaelekezwa Lindi, na mtindi ukaanza kuonekana magulioni. Kwa hiyo protini za kutengenezea ganda zipo, za mikunde na za maziwa. Na soya, mgeni aliyekataa kuweka vinundu, protini yake ni miongoni mwa zile zinazochunguzwa duniani kwa kazi hii hii. Ingekuwa kinyume cha haki kama siku moja tutauziwa kapsuli za protini ya soya kwa bei ya dola, ilhali wataalamu wa Nachingwea waliifundisha soya kuishi huku.

Sisemi tujenge kiwanda kesho. Karanga zina sumukuvu isipodhibitiwa, na kuna watu ambao karanga, soya au maziwa huwadhuru. Ninachosema ni kwamba Mradi wa Karanga ulipima kila kitu mwanzoni mwa safari: ekari, tani, pauni. Ulisahau kupima mwishoni, pale mbegu inapokutana na udongo. Tukifanya hivyo hivyo na bakteria, tutahesabu mabilioni yaliyoandikwa kwenye pakiti na kuwameza maiti. Anayetaka kutuuzia bakteria rafiki atuonyeshe wamebaki wangapi hai baada ya miezi mitatu kwenye duka lisilo na jokofu. SUA, NIMR na wengine wanaweza kuhesabu hilo. Kuhesabu bakteria hai kwenye sahani ya maabara si kazi ya ajabu.

Nimalizie na bibi. Siku ya kuondoka alinijazia togwa kwenye chupa ya plastiki ya lita moja. Nilimwona amebakiza kidogo chini ya chungu, akamwagia uji mpya uliopoa. Nikamuuliza alianza lini kubakiza hivyo. Akasema alimkuta mama yake akifanya. Yaani bakteria wa bibi hawajawahi kuwekwa kwenye pakiti wala jokofu, wanapokezwa uji kwa uji.

Chupa niliiweka begini, begi likaenda kwenye buti, jua likawaka vilevile. Tulipofika Mbagala usiku, konda akafungua buti na harufu ya uchachu ikamtoka nayo. Kizibo kilikuwa kimeruka, na shati langu la kazini limelowa togwa.

Walikuwa hai.